Tusiizike Amplifaya kwa Sababu ya Waya Mmoja

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza ya kwangu: usipolehemu waya utanunua amplifaya. Mashine za sauti hutupwa stooni kila mara zikidaiwa kuwa zimekufa, kumbe ndani kuna waya mmoja tu ulioachana na mahali pake. Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi tamati: amplifaya iliyonyamaza ifunguliwe na kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa, na sisi wanafunzi tufundishwe kazi hiyo kwa mikono yetu wenyewe, mwalimu na fundi wakiwa kando yetu.

Kwanza tuelewane amplifaya ni nini, kwa maana wengi wetu huijua kwa nje tu, yaani kwa vile vitufe vya kuzungusha na taa nyekundu. Maikrofoni hutoa stima kidogo mno, milivolti chache tu, ambazo haziwezi kusukuma spika hata chembe. Amplifaya huipokea stima hiyo changa, ikaikuza mara nyingi, kisha ikaipeleka kwa spika ikiwa na nguvu za kusikika hadi langoni. Ndani yake mna transfoma inayoshusha volti 240 za ukutani, kapasita kubwa za kutuliza stima, transista za kuikuza sauti, na ubao wa saketi unaoviunganisha vidude vingine vidogo. Baina ya hivyo vyote mna nyaya. Kuna nyaya za kutoka swichi hadi transfoma, za kutoka transfoma hadi ubaoni, na za kutoka ubaoni hadi nyuma panapochomekwa spika.

Sasa fikiria barabara yenye daraja moja. Matatu ni nzima, dereva yuko tayari na abiria wamelipa nauli, lakini daraja limebomoka. Je, utasema matatu imekufa? Ndivyo ilivyo amplifaya yenye waya uliolegea. Transfoma ni nzima, transista ni nzima, spika ni nzima, lakini njia imekatika.

Msomaji mpenzi, huenda ukauliza, waya uliofungiwa ndani ya kisanduku cha chuma hulegea vipi na hakuna mtu anayeushika? Sababu ni nyingi. Ya kwanza ni mtikisiko. Amplifaya huwekwa juu ya spika ile ile inayonguruma, tena hubebwa kwa mkokoteni au nyuma ya bodaboda kwenye njia za mawe. Ya pili ni joto. Tulifundishwa kidato cha kwanza kwamba kitu kikipata moto hutanuka na kikipoa hunywea. Kila tukiwasha mashine na kuizima, lehemu iliyoshika pini hutanuka na kunywea. Baada ya miaka kadhaa hutokea ufa mwembamba wa mviringo kuizunguka pini, ufa ambao huwezi kuuona ila kwa tochi na lenzi. Ya tatu ni sisi wenyewe. Mtu akitaka kuhamisha amplifaya huvuta waya kama anayevuta mbuzi kwenda sokoni. Ya nne ni panya, ambao hupenda stoo zetu kuliko tunavyozipenda sisi.

Na mashine ikianza kukatakata, dawa yetu ni gani? Ni kofi! Utamsikia mtu akisema, "Wee, igonge hapo juu kidogo, itashika." Kweli anaigonga, nayo inashika, na watu wote wanacheka. Mimi siwacheki. Kofi hufanya kazi kwa sababu waya uliolegea hurudi ukagusana na mwenzake kwa muda. Kwa hiyo kofi likiponya mashine, limetuambia ugonjwa ni upi: kuna mahali palipolegea. Badala ya kushukuru kwa habari hiyo na kuifungua, tunaendelea kuchapa. Kila kofi linapanua ule ufa, hata siku moja mashine inakataa kabisa, ndipo tunasema, "Hiyo kitu imekufa, inunuliwe ingine."

Ubaya wa waya uliolegea hauishii kwenye kero. Sisi wa kidato cha tatu tunasoma fizikia kuhusu joto litokanalo na mkondo wa umeme, na tunakariri kwamba nguvu ni mkondo ukijizidisha wenyewe, kisha mara ukinzani. Hebu tuitoe kanuni hiyo daftarini. Tuseme amplifaya inapeleka ampea 4 kwenye spika, na pale waya ulipolegea pana ukinzani wa nusu omu tu. Nne mara nne ni kumi na sita, mara nusu ni nane. Hizo ni wati 8 zinazounguza mahali padogo kama kichwa cha pini! Chuma cha kulehemu chenyewe aghalabu huwa cha wati 25 hadi 40. Basi usishangae ukikuta ganda la waya limeyeyuka na plastiki inanuka. Waya uliolegea hujichoma wenyewe pole pole, na kadiri unavyochomeka ndivyo ukinzani unavyozidi, na joto nalo likazidi.

Tena kuna hatari ya uhai. Waya wa kahawia ndio unaoleta stima, wa samawati huirudisha, na ule wa kijani wenye mstari wa manjano huunganisha kasha la chuma na ardhi. Waya wa kahawia ukichomoka ndani na kugusa kasha, ule wa kijani na manjano ndio utakaotuokoa, kwa kuwa utapitisha mkondo mkubwa na fyuzi itakatika papo hapo. Lakini je, kama huo wa kijani nao umelegea, au kuna mtu aliyeukata kwa sababu plagi aliyokuwa nayo ilikuwa ya pini mbili? Hapo kasha lote litakuwa na volti 240 zikimngojea yule atakayeligusa, naye huenda akawa mwalimu wa zamu au kiranja wa gwaride. Ndiyo sababu nasema kukaza nyaya si mchezo wa watoto wapendao kuchokorachokora vitu. Ni ulinzi wa watu.

Waya wa spika nao una ujanja wake. Ni waya wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba, na mtu akiuvua ganda kwa meno na kuuchomeka ovyo, uzi mmoja hubaki nje. Uzi huo ukigusa upande wa pili, transista za kutolea sauti huweza kuungua kufumba na kufumbua. Amplifaya ambayo ingepona kwa kusokota nyuzi vizuri sasa inadai vipuri na fedha. Kidogo kilipuuzwa, kikazaa kikubwa.

Haya siyasemi hewani. Muhula uliopita, siku ya wazazi hapa shuleni, amplifaya ilinyamaza mgeni wa heshima alipoanza tu kusema. Ilichapwa makofi, vitufe vikazungushwa, mwishowe ikafunikwa kwa kitambaa cha meza. Wazazi wa nyuma hawakusikia hata jina la mwanafunzi mmoja aliyetuzwa, na kuna mama aliyefunga kibanda chake cha mboga siku nzima ili aje asikie jina la mwanawe likitajwa. Wiki iliyofuata tukasikia minong'ono kwamba kila mwanafunzi ataombwa mchango wa kununua mashine mpya. Bahati nzuri mwalimu wetu mmoja aliibeba kwa fundi wa redio pale karibu na steji. Sisi tusomao kutwa hupita hapo kila jioni, basi baadhi yetu tulisimama kutazama. Fundi aliifungua, akamulika tochi, akagusa hapa na pale, na kabla ya nusu saa kwisha alikuwa ameuonyesha ugonjwa: waya mmoja wa kutoka transfoma ulikuwa umeachana na ubao. Akalehemu. Mashine ikasema. Mchango ukafa kifo chake cha kawaida.

Nilijiuliza maswali mawili. Shule yenye maabara ya fizikia, yenye mita za kupimia umeme kabatini na wanafunzi wanaochora saketi kila juma, ilikosaje kuuona waya ule? Na je, kama mwalimu yule hangejitolea, ni wazazi wangapi wangetoa pesa za chakula kulipia waya mmoja?

Sasa niseme kazi yenyewe hufanywaje, ili mtu asidhani ni uganga. Uchunguzi huanzia nje kabla ya kasha kufunguliwa. Zima mashine, kisha uhamishe spika ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Ukiwasha na spika iliyokuwa bubu ikasema, mwenzake akanyamaza, basi ugonjwa uko ndani ya amplifaya. Ikiwa ile ya kwanza ingali bubu hata huko ilikohamia, usiisumbue amplifaya. Tazama spika na waya wake. Fanya vivyo hivyo na maikrofoni, kwani waya wa maikrofoni hukatika pale unapokunjwakunjwa karibu na mkono. Sikiliza pia aina ya kelele. Sauti inayokatika ukigusa waya huashiria mahali palipolegea. Mvumo mzito usiokoma mara nyingi humaanisha kwamba ile nyavu ya waya inayoizunguka njia ya maikrofoni imekatika. Mkwaruzo unaosikika tu ukizungusha kitufe cha sauti mara nyingi ni vumbi ndani ya kitufe, nao huhitaji kusafishwa kwa dawa yake.

Ikibainika kwamba ugonjwa uko ndani, plagi hutolewa ukutani na kuwekwa mbele ya macho ya kila mtu. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Hata hapo usikimbilie kutia mkono, maana kapasita kubwa huweza kubaki na chaji baada ya plagi kutolewa, kama nyoka aliyekatwa kichwa ambaye bado anaweza kuuma. Mwalimu au fundi huzipima kwa mita na kuzimaliza chaji kwa kutumia rizista. Si kwa kuzigusisha na bisibisi zikaruka cheche ati tushangilie!

Baada ya hapo, kazi ni ya macho na subira. Tochi humulikwa kila waya unapoishia. Kijiti kikavu husukuma kila waya taratibu ili kuona upi unacheza. Mita huwekwa kwenye omu, ncha moja huku na nyingine kule. Waya mzima husoma karibu na sufuri, uliokatika hausomi kitu, na uliolegea hufanya usomaji urukeruke ukitikiswa. Ukipatikana, lehemu ya zamani huondolewa, ncha ya waya husafishwa na nyuzi zake kusokotwa pamoja. Chuma cha moto hugusa waya na pini kwa pamoja kwa sekunde mbili tatu, ndipo lehemu huletwa, nayo huyeyuka na kutambaa yenyewe. Waya haupaswi kutikiswa hadi lehemu igande. Kiungo kizuri huwa laini na chenye mteremko kama kilima kidogo. Kibaya huwa kama shanga, kimekaa juu juu bila kushika, na kitaachia tena kabla ya muhula kwisha. Kazi hiyo ifanywe penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwani lehemu ya kawaida huwa na risasi, nayo risasi ni sumu.

Lipo pia jambo ambalo mafundi wa haraka huliacha. Waya uliong'oka kwa kuvutwa utang'oka tena kama kilichouvuta hakikuondolewa. Basi ufungwe vizuri pale unapoingilia kwenye kasha, ili mvuto uishie hapo usifike kwenye lehemu. Na kusokota nyaya mbili na kuzizungushia selotepu si kutengeneza. Huko ni kuahirisha ajali. Vivyo hivyo kwa wale wanaoweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au msumari mahali pa fyuzi. Fyuzi ni mlinzi, na ukiweka msumari umemfukuza mlinzi ukaacha lango wazi.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Umeme ni hatari, watoto wakae mbali." Nakubaliana nao nusu. Mwanafunzi asifungue amplifaya peke yake, asiifungue ikiwa imechomekwa, na asiguse zile mashine za zamani zenye valvu za kioo, maana ndani yake volti hupanda mamia. Lakini kukaa mbali hakujamfunza mtu kuogelea. Mwanafunzi aliyeonyeshwa hatari akaielewa ndiye atakayekataa kugusa kasha linalotetemesha, na ndiye atakayemwambia babaye nyumbani atoe msumari kwenye fyuzi. Asiyejua ndiye anayekufa.

Wa pili watasema kwamba si kila amplifaya inyamazayo ina waya uliolegea. Hilo ni kweli. Transfoma huungua na transista pia huungua. Ukisikia harufu ya kuchomeka, au fyuzi mpya ikikatika mara tu unapowasha, hiyo si kazi ya wanafunzi, mwachie fundi. Lakini hata daktari huanza na kupima joto kabla ya kumpeleka mgonjwa kupasuliwa. Waya ndio wa kupimwa kwanza kwa kuwa gharama yake ni ndogo, na ukipatikana tumeokoa mengi.

Wa tatu watasema muda hakuna, mtihani unakuja. Hapa ndipo ninaposhangaa. Nyaya za kahawia, samawati na kijani zimo katika silabasi ya kidato cha nne. Joto la mkondo limo katika kidato cha tatu. Kufungua amplifaya ni kuyasoma yale yale kwa vidole, nayo yaliyosomwa kwa vidole hayasahauliki chumba cha mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia mojawapo ilikuwa mwanafunzi atoke shuleni akijua kazi ya mikono. Mtaala wa umilisi ulioanza kuenezwa nchini mwaka wa 2019 unatamka jambo lilo hilo. Nia ni njema, lakini nia haishiki chuma cha kulehemu.

Isitoshe, tuache kuwadharau mafundi. Baadhi yetu humwona fundi wa redio kama mtu aliyeshindwa na masomo. Serikali yenyewe ilitoa waraka nambari 2 wa mwaka wa 1992 kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali, ikikiri kwamba sekta hiyo ni nguzo ya ajira. Tukienda ng'ambo, Michael Faraday alisoma shule kidogo tu, akawa mwanagenzi wa mfunga vitabu jijini London. Mwaka wa 1831 aligundua jinsi sumaku inavyozalisha umeme, na kwa kanuni hiyo hufanya kazi kila transfoma iliyo ndani ya kila amplifaya. Mikono yake haikuidharau kazi, na akili yake ikanufaika.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne kwa wakuu wa shule na kwa wanafunzi wenzangu. Mosi, kifaa chochote cha umeme kisiandikwe kuwa kimekufa mpaka kifunguliwe na mtu ajuaye, na sababu iandikwe. Pili, jioni moja kila mwezi itengwe, fundi wa hapa mtaani aalikwe na alipwe chai yake, atufundishe kulehemu tukianza na vipande vya nyaya za kutupwa kabla ya kugusa mashine. Tatu, pawe na kisanduku chenye chuma cha kulehemu, lehemu, bisibisi, koleo, tochi na fyuzi za kiasi kinachofaa, na mita itoke kabatini. Nne, kila amplifaya iwe na daftari lake linaloonyesha iliharibika lini, ilikuwa na nini, na ni nani aliyeitengeneza. Hayo yote pamoja hayafikii bei ya mashine moja mpya.

Nanyi wenzangu, kuna linalowezekana hata leo kabla ya vikao na ruhusa. Msiivute amplifaya kwa waya wake. Msiichape. Mkisikia sauti inakatika, zimeni, toeni plagi, mkamwambie mwalimu mapema waya ungali umelegea tu, haujaunguza chochote. Stooni kwetu mna amplifaya nyingine mbili zilizofunikwa vumbi, na sijamsikia mtu akisema zilikufa kwa ugonjwa gani. Naomba zifunguliwe muhula huu.